Mgongo wa Hezron Mbele ya Mama Mkwe

Katika kanisa letu la Itaka, alfajiri ya Pasaka haianzi kwa kengele. Huanza makaburini, kabla ukungu haujaondoka katika mibuni, kwa tarumbeta. Waliotuletea Injili walitufundisha hivyo, nasi hatujaona sababu ya kuacha. Tunapiga wimbo wa kwanza wa ufufuo, kisha majina ya waliozikwa tangu Pasaka iliyopita husomwa, na kila jina hufuatwa na sauti moja ndefu ya besi. Besi ndiyo tarumbeta kubwa kuliko zote. Mpigaji huivaa begani kama mtu aliyebeba chatu aliyeshiba, na mdomo wa besi yenyewe waweza kumeza kuku mzima pamoja na mabawa. Kwa muda wote ambao mimi, Mwalimu Kefa, nimekiongoza kikosi cha tarumbeta, mpigaji wa besi amekuwa Hezron.

Mwezi wa Novemba Hezron alimzika mama yake, Bibi Ikupa. Alipokuwa mgonjwa, bibi huyo alimwita mwanawe na kumwambia kwamba hataki jina lake lifuatwe na pumzi ya mtu mwingine. Alimtaja hasa Sebastian, kijana wa kikosi chetu ambaye hupuliza kwa mashavu badala ya tumbo, akasema kwamba kwa sauti ya Sebastian yeye hatafufuka. Hezron akaahidi kuipiga besi mwenyewe. Ni vema jambo hili lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu ahadi hiyo ndiyo iliyomfikisha mtu mwenye heshima zake, baba wa familia, mahali pa kukimbia bila shati katika barabara ya Tunduma.

Mgongo aliuumiza wakati wa kuweka mbolea ya mahindi. Alikuwa ameubeba mfuko begani, akiteremka mtelezo uliolowa mvua. Akateleza. Mfuko ulianguka upande huu, yeye akaanguka upande ule, na kiuno, kwa maelezo yake mwenyewe, kilibaki katikati bila kujua kimfuate nani. Tangu siku hiyo alitembea ameinama upande, kama mtu anayesikiliza siri ya mtu mfupi. Hospitalini walimpiga picha, wakaona mfupa haukuvunjika, wakampa vidonge na kumwambia apumzike. Kupumzika hakukumsaidia. Alipojaribu kuivaa besi mazoezini, alitoa mlio kabla ya besi.

Itaka haina uhaba wa waganga wasiosomea uganga. Mmoja alimchua kwa majivu ya moto na chumvi ya Ivuna. Mwingine alishauri akanyagwe mgongoni na mama aliyezaa mapacha, kwa kuwa mguu wa mama wa namna hiyo huaminika kuondoa maumivu. Mimi nilipinga, kwa kuwa ni ushirikina. Mkewe, Loisi, naye alipinga, kwa kuwa mama wa mapacha aliyepatikana karibu alikuwa na uzito unaoheshimika. Hezron alikanyagwa hata hivyo. Baada ya hapo alikuwa akila amelala, na Sebastian akaanza kuonekana nyumbani kwangu jioni, akiulizia kwa upole besi huhifadhiwa wapi.

Aliyeleta shauri la maana alikuwa Clement, mdogo wake Loisi, ambaye ni wakala wa kutoa mizigo pale mpakani Tunduma. Alisema kwamba Chapwa, mtaa wa hapo hapo Tunduma, yuko Daktari Judith, mtaalamu wa viungo, anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono na aliyesomea pia, huko China, tiba ya kuchoma sindano nyembamba. Madereva wa malori ndio wagonjwa wake wakubwa, kwa kuwa mtu akiendesha kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka hufika akiwa na umbo la kiti. Wengine, alisema Clement, huingia kwa Daktari Judith wamekunjwa na kutoka wakitafuta mtu wa kupigana naye.

Hezron akaenda. Alirudi kutoka ziara ya kwanza akiwa amenyooka nusu na amekasirika mzima. Alinisimulia kwamba mwanamke yule, mwembamba kama mwiko, alimlaza kifudifudi juu ya kitanda chenye tundu la kupitishia uso, akamwekea viganja viwili juu ya uti wa mgongo, akamwambia apumue nje, kisha akamshindilia. Mifupa ikalia kama maganda ya karanga. Hezron alijua amekwisha, akaanza kusali sala ya kukabidhi roho. Daktari alimsubiri kwa adabu mpaka amina, akamwambia ageuke, bado upande wa pili. Alimwagiza arudi kila juma hadi Pasaka, na kuanzia ziara inayofuata angemwongezea sindano.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hakuna chuo cha udaktari kinacholifundisha. Clement alikuwa na mgonjwa mwingine kwa daktari huyo huyo, naye ni mama yake mzazi, Bibi Enesi, mwenye maumivu ya magoti. Bibi Enesi ni mama mkwe wa Hezron.

Kwetu, mume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemezani, wala hawali pamoja. Huo si uadui. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi nyingi kuliko uadui. Mkwe akimwona mama mkwe njiani, huingia shambani mpaka apite. Wakiwa katika nyumba moja kwa dharura, salamu hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu huyo huirudia neno kwa neno ingawa wote wameisikia. Iko njia ya kuiondoa miiko hiyo: familia hukaa, mkwe hutoa vitu vyake, mama mkwe humpa chakula kwa mkono wake, na tangu hapo wao ni watu wa kawaida. Wengi huitimiza mapema. Hezron aliahirisha mwaka baada ya mwaka, kwa sababu alikwisha kuzoea kujificha, na mtu huwa stadi wa kile anachokirudia.

Clement akapanga saa. Mama yake angetibiwa saa tatu asubuhi na kuondoka. Hezron angeingia saa nne. Daktari Judith hakuambiwa sababu, kwa kuwa yeye ni mtu wa Morogoro, asiyezijua mila zetu, na Clement aliona aibu kumweleza. Mpango ulikuwa mzuri, ila ulisahau kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Bibi Enesi alilala Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa ya ukutani kwa dada yake ilikuwa ya Zambia, na simu yake nayo ilikuwa imeshika mtandao wa huko. Bibi Enesi ni mwanamke wa kushika miadi. Alivuka mpaka kwa miguu, akafika Chapwa saa tatu kamili ya Nakonde.

Ilikuwa saa nne yetu, na Hezron, aliyewahi na kukuta vitanda vitupu, alikuwa tayari amelala kifudifudi, kifua wazi, uso ndani ya tundu, mgongo umesimamishwa sindano kuanzia shingoni hadi kiunoni kama nungunungu aliyekasirika. Alikuwa ameonywa asigeuke, asikohoe, asicheke, wala asiinuke mpaka sindano zitolewe. Daktari alimpokea Bibi Enesi bila wasiwasi wowote, akamlaza kitanda cha pili, akavuta pazia la kitenge katikati yao, akamchoma sindano za magotini. Hezron aliitambua sauti ile tangu neno la kwanza. Kabla hajapata la kufanya, nje lori likaegeshwa mbele ya mlango na kuziba njia ya wagonjwa, na Daktari Judith akatoka kwenda kugombana na dereva.

Haya yaliyofuata nimeyapata kwa wote wawili. Pale walipotofautiana nimemwamini mama mkwe, kwa sababu Hezron alikuwa anatazama sakafu.

Bibi Enesi, akiwa peke yake na mtu asiyemjua nyuma ya pazia, alifanya kama alivyolelewa. Akasalimu. Hezron akanaswa. Kuinyamazia salamu ya mzee ni utovu wa adabu. Kumjibu mama mkwe ni utovu mkubwa zaidi. Akapitisha mkono chini ya kitanda polepole, akagonga mbao kwa kidole.

“Wewe ni bubu, baba?” akauliza Bibi Enesi.

Hezron akagonga.

“Pole. Lakini usihuzunike sana. Mimi nina mkwe mwenye ulimi wake mzima, na sijausikia ukiniambia hata neno moja.”

Kwa kuwa alidhani anazungumza na mtu asiyeweza kupeleka habari popote, Bibi Enesi alijinyoosha na kuanza kusema yaliyokuwa moyoni. Alieleza jinsi siku moja alivyokwenda Itaka kumtembelea binti yake, na mkwe akatoka kwa mlango wa nyuma na kujibanza katika mibuni. Mvua ikaja. Yeye alikuwa ameketi dirishani, anaviona viatu vya mkwe chini ya matawi.

“Nikamwambia binti yangu, ongeza chai. Nikanywa taratibu. Nilitaka nione kama ana akili ya kwenda kujikinga kwa jirani. Hana. Alilowa mpaka nikamwonea huruma, nikaaga. Lakini ana heshima, baba. Na mwenye heshima bila akili ni afadhali kuliko mwenye akili bila heshima. Huyo wa pili nilimzaa mwenyewe, yuko pale mpakani.”

Hezron aliuma midomo ili asicheke. Sindano zilianza kutikisika, naye akaziomba zitulie. Kisha sauti ya ng'ambo ya pazia ikashuka.

“Sasa amefiwa na mama yake. Nilikwenda msibani, nikakaa jikoni na wanawake, namsikia analia upande wa pili wa ukuta. Ningependa kumpa pole kwa mdomo wangu. Mtu anafiwa na mama, na mama aliyebaki haruhusiwi hata kumtazama.”

Hezron hakugonga. Mtu aliyelala kifudifudi hawezi kulia kwa siri, kwa kuwa machozi yake yanadondoka moja kwa moja sakafuni na mabega yanamshtaki. Akabana pumzi. Akaibana kama anavyoibana kabla ya ile sauti ndefu ya besi, nami naweza kushuhudia kwamba katika jambo hilo hana mpinzani wilaya nzima ya Mbozi.

“Baba bubu?” akaita Bibi Enesi.

Kimya.

“Baba, gonga.”

Kimya kikaendelea. Bibi Enesi alisikiliza, hakusikia hata pumzi, akakata shauri kwamba jirani yake amekufa kwa sindano. Alimwita daktari, lakini nje injini ilikuwa inanguruma. Basi akashuka kitandani, na sindano zake magotini, akalifungua pazia. Hezron, kupitia tundu, akaiona miguu inakuja. Miguu ile aliijua vizuri kuliko kitu kingine chochote cha mama mkwe, kwa kuwa maisha yake yote ya ndoa alikuwa ametazama chini. Ikasimama. Kisha mkono wa uvuguvugu ukawekwa shingoni pake kutafuta uhai.

Ulipatikana kwa wingi. Hezron aliruka kutoka kitandani kama samaki, akajifunika uso kwa mikono miwili, si mwili, na hapo ndipo unapoiona heshima ya kweli. Akagonga mlango wa kabati, akagonga mlango wa kweli, akapenya kati ya ukuta na lori, akatokea barabarani. Foleni ya malori ilikuwa ndefu kama kawaida. Wauza mihogo walimpisha. Dereva mmoja wa Zambia alimtaja Mungu kwa Kibemba na kufunga vioo. Daktari Judith, aliyekuwa bado anabishana na dereva wake, aliiona kazi yake ikipita mbio ikimeremeta juani, akaifuata akiipigia kelele isiegemee kitu.

Aliyemkamata ni Clement, aliyekuwa anakuja kumchukua mama yake. Akamshika mkono na kumwuliza kwa sauti ya mpakani, ambayo haina sehemu ya chini, “Shemeji Hezron, nani amekufanyia hivi?”

Bibi Enesi alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Alilisikia jina. Alitazama mgongo ule, akautazama mkono wake uliokuwa umemgusa, akajifunika kitenge kichwani na kuketi kwenye ngazi. Daktari alizitoa sindano za Hezron nyuma ya tela la lori, mbele ya umati wa kutosha kuanzisha usharika. Alimkemea kwa maneno ambayo Hezron alikataa kunirudia. Alimwambia kwamba mbio zile zimeyarudisha maumivu ya majuma mawili, na ni kweli, kwa sababu alirudi Itaka amepinda kuliko alivyokwenda.

Hezron akaapa kwamba hatakanyaga tena mahali pale. Pasaka ilikuwa inakaribia. Sebastian alikuja kwangu, akaomba ruhusa ya kuisafisha besi kwa ndani.

Loisi ndiye aliyezikalisha familia mbili. Wazee wa Hezron walitoka Itaka, wazee wa Bibi Enesi walitoka Chapwa na wengine Nakonde, nami nikaombwa kuwa mwenyekiti kwa sababu ya mvi zangu. Shauri lililotarajiwa kwisha kabla ya chakula liligeuka kuwa refu. Upande wa Nakonde ulidai kwamba mkwe amefanya kosa kwa kumwonyesha mama mkwe mwili wake. Upande wa Itaka ulijibu kwamba mkwe hakuonyesha kitu. Alionekana, na aliyefungua pazia ni mama. Mzee mmoja akauliza kama mgongo wa mtu ni mtu. Mwingine akasema kwamba kwa ng'ombe, mgongo ndio ng'ombe mwenyewe. Palipokuwa panaelekea kwenye mambo ya ng'ombe, niligonga meza. Niliwakumbusha kwamba hata Musa, katika pango la mwamba, aliruhusiwa kuuona utukufu kwa nyuma na uso akanyimwa, wala hakuna aliyemtoza faini. Hezron alificha uso. Sheria ya uso haikuvunjwa. Kilichobaki ni mkono uliomgusa, na mkono ule ulitafuta uhai, na hakuna mila inayomwadhibu mtu kwa kutafuta uhai wa mtu.

Wazee walikubali, ingawa yule wa ng'ombe alikubali kwa shingo upande. Ikaamuliwa kwamba badala ya kuhesabu makosa, miiko yenyewe iondolewe siku hiyo hiyo. Hezron alitoa mbuzi na kitenge. Bibi Enesi aliletwa kutoka chumba cha ndani, akaketi mbele yake juu ya mkeka, wote wawili wakitazama sakafu kwa mazoea. Akamega ugali, akauchovya, akamnyooshea. Hezron akapokea kwa mikono miwili na kula. Hapo akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamwona mwanamke aliyemzalia mke.

“Pole kwa kufiwa na mama, mwanangu,” akasema Bibi Enesi.

“Asante, mama,” akasema Hezron, kisha akaongeza kwa haraka, kama mtu anayelipa madeni ya zamani, “na chai ile, siku ya mvua, nilikuwa naiona.”

Tangu siku hiyo walikwenda kwa Daktari Judith pamoja, wakalala vitanda viwili na pazia likiwa wazi, na kwa maelezo ya daktari hawakunyamaza. Aliwatishia kuwachoma sindano za midomo. Mgongo wa Hezron ulianza kutii. Alinyooka, akalala usiku kucha, akapanda juu ya paa kuangalia bati lililolegea na kushuka bila msaada. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Sebastian atafute kitu kingine cha kusafisha, hapo daktari alipotoa neno la mwisho: besi anaweza kuipiga, lakini asiivae begani akiwa amesimama, ama sivyo uti wa mgongo utarudi ulikotoka. Ni lazima aketi, na besi aipakate magotini.

Nilikataa. Ni wajibu wangu kueleza sababu. Kikosi cha tarumbeta cha Itaka husimama siku ya Pasaka, kwa kuwa neno lenyewe tunalolitangaza ni kuinuka. Waliotufundisha walisimama katika mvua, wengine wakiwa na homa. Mtu hawezi kuutangaza ufufuo akiwa ameketi kama anayesubiri zamu ya kunyolewa. Nilimwambia Hezron kwamba naihurumia ahadi yake, lakini mwaka huu sauti ya besi itatolewa na aliye na miguu.  Hezron aliitazama besi, akavaa kofia yake, akaondoka mazoezini. Sebastian alikuwa na hekima ya kutotabasamu.

Kesho yake Bibi Enesi alishuka Itaka kutoka Chapwa, akanikuta kanisani napanga vitabu vya nyimbo. Mwanamke yule, baada ya kufunguliwa kusema na mkwe, alikuwa amezoea kusema na kila mtu. Alinieleza habari za Bibi Ikupa na ahadi, nikamwambia nazijua. Alinieleza habari za daktari, nikamwambia nazijua pia. Kisha akaniuliza, kwa unyenyekevu ambao ningepaswa kuushuku, watu wa makaburini hukaa mkao gani.

Nikamwambia wamelala.

“Wote, Mwalimu?”

“Wote.”

“Basi atakayeketi amekwisha kuwazidi,” akasema Bibi Enesi. “Anainuka kwa awamu. Hata Lazaro nadhani aliketi kwanza.”

Nimefundisha watu wengi na kujibu maswali mengi. Nilizifungua kumbukumbu za kikosi, nikatafuta palipoandikwa kwamba tarumbeta hupigwa wima, nikakuta kwamba hapakuandikwa. Tulisimama siku zote kwa sababu makaburini hapajawahi kuwa na kiti. Nilimwambia Bibi Enesi kwamba nitatafakari. Alisema atasubiri, akaketi kwenye benchi la mbele, na kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamepona vizuri, niliona kwamba anaweza kusubiri muda mrefu sana. Nikatoa kibali.

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu aliuona mkono wake kwa imani tu. Tulimweka Hezron juu ya kiti cha sakristia, kando ya kaburi la mama yake, mahali palipo tambarare. Bibi Enesi aliketi karibu naye juu ya jiwe. Waumini walikuja wakipapasa, wakasimama palipokuwa na nafasi, na wengi wao hawakujua kwamba mwaka huu besi iko chini, kwa kuwa sikuona haja ya kulitangaza jambo ambalo nilikuwa nimelikubali kwa shida. Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Mchungaji akaanza kuyasoma majina, na baada ya kila jina besi ikajibu, safi na nzito, na nilisikia kwamba pumzi ya Hezron imerudi yote.

Lilipofika jina la Bibi Ikupa, Hezron aliibana pumzi kama alivyoibana kule Chapwa, kisha akaiachia. Sauti ile haikutoka juu ya vichwa vyetu kama ilivyozoeleka. Ilitoka chini, usawa wa magoti, ndani ya ukungu, kaburini pa Bibi Ikupa hasa, ikatembea ardhini na kuingia katika nyayo za watu. Nilizihisi kokoto zikitetemeka. Waliokuwa nyuma walirudi nyuma zaidi. Na karibu na kaburi lile Mama Ketrina, mweka hazina wa umoja wa akina mama, ambaye hatukuwa na sababu yoyote ya kumdhania, alipiga magoti kwenye umande na kusema kwa sauti ya kusikika na usharika mzima kwamba sufuria kubwa ya marehemu anayo, aliiazima kwenye kipaimara, na atairudisha leo hii kabla ya chakula cha mchana.

Besi ilikatika. Hezron alikuwa ameitoa mdomoni, mashavu yakiwa bado yamejaa, hajui kama inampasa kulia au kucheka mbele ya mama yake. Mchungaji alinitazama. Nami nilikuwa bado natafuta katika moyo wangu neno la kukemea.

Bibi Enesi akamgusa mkwe wake begani.

“Endelea, mwanangu,” akamwambia taratibu. “Huenda na wengine wana vyombo.”